Orijino Hainyooshi Chuma

Ingia Buyenzi, hapa kwetu Burundi, asubuhi yoyote, kwenye mitaa ya magaraji, uulizie krosimemba ya Toyota Carina. Kabla hujamaliza swali utajibiwa: "Mzee, chukua orijino, hata ikiwa kuukuu. Hizi mpya ni bati tupu." Fundi atakwambia hivyo, muuza vipuri atakwambia hivyo, na dereva wa teksi aliyekaa pembeni na chai yake ataitikia. Kauli hiyo niliikuta, nikaiamini, ikanigharimu. Leo naikataa hadharani. Kwa kipuri hiki neno orijino halimlindi mtu, na wengi wetu tumelifanya hirizi ya kutuepusha na kazi ya kupima.

Kwa asiyejua, krosimemba ni ule mhimili wa chuma ulio chini ya injini, uliofungwa kwa boliti kwenye bodi. Juu yake hushikwa mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, na katika magari mengi hata raki ya usukani hufungwa hapo. Matundu yake yakihama kidogo tu, magurudumu nayo yamehama. Injini unaweza kuisikia ikikohoa. Krosimemba iliyopinda hukaa kimya, ikila matairi yako polepole.

Yangu ilikula matairi mawili kwa miezi minne. Niliinunua ya mtumba, yenye muhuri wa kiwanda, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Tangu siku ya kwanza gari lilivuta kulia. Nikabadilisha boli jointi, nikabadilisha tairodi, nikafanya alaimenti mara tatu. Kila fundi alitafuta kosa mahali pengine, kwa sababu krosimemba ilikuwa orijino na orijino haishukiwi. Mwishowe fundi mmoja mzee aliifungua, akailaza juu ya sakafu ya saruji, akachukua tepu. Akapima kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kutoka la mbele kulia hadi la nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vilipaswa kulingana. Vilitofautiana kwa milimita 14. Akakwangua rangi kwa bisibisi, na chini yake tukaona alama ya nyundo na chuma kilichobadilika rangi kwa moto wa gesi. Mtu fulani, mahali fulani, aliigonga, akaichoma, akaipaka rangi, akaiuza. Muhuri wa kiwanda ulikuwa palepale, wa kweli kabisa.

Muhuri hueleza kipuri kilizaliwa wapi. Kuhusu maisha yake baada ya hapo hausemi lolote. Carina ziliacha kutengenezwa mwaka 2001. Hata iliyo changa kuliko zote imepita miaka 20. Krosimemba yake ikifika kwetu, imetoka kwenye gari lililokatwakatwa, na gari hukatwa kwa sababu. Huenda lilizeeka, huenda liligongwa, na likigongwa mbele, krosimemba ni miongoni mwa vinavyopokea kishindo. Ikiwa gari liliishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu wakati wa baridi, kutu huanzia ndani, kwenye maungio ya mabati, jicho lisikofika. Raba za bushi nazo zina umri uleule wa chuma. Zilikauka zamani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Burundi. Tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa na usukani upande wa kulia. Vipuri vya mtumba vinavyopitia Dubai na Sharjah vinaweza kuwa vya magari yenye usukani wa kushoto. Pale ambapo raki inafungwa juu ya krosimemba, kipande cha aina moja hakikubali mahali pa kingine. Nimeona matundu yakitobolewa upya kwa drili ili "orijino" ikubali. Kiwanda hakikutoboa hapo. Ukishatoboa tundu lako, hata huo uorijino ulioulipia umeuondoa kwa mkono wako.

Wanaonipinga wana hoja, nami naiheshimu. Ni kweli kwamba zipo krosimemba mpya za hovyo: bati jembamba, weldi zenye mapengo, matundu yasiyolingana. Ni kweli pia kwamba dola ni adimu, na kipya kikikuangusha hutapata fedha ya kununua mara ya pili. Lakini mtu alijuaje kwamba bati ni jembamba? Alipima, au aliona. Basi kipimo hichohicho akitumie kwa cha mtumba. Haiwezekani kipya kikaguliwe kama mshitakiwa, na kikuukuu kipokelewe kama mgeni wa heshima.

Ubishi huu haukuzaliwa Buyenzi. Huko Marekani, wenye Chevrolet Camaro za 1967 hadi 1969 wanabishana vivyo hivyo. Sehemu ya mbele ya gari lile hubebwa na fremu fupi iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi, na karakana binafsi hutengeneza fremu mpya za kuweka mahali pake, zenye usukani wa raki na nafasi ya breki kubwa zaidi. Wapo wanaoapa kwamba cha kiwanda ndicho chenye heshima. Lakini anayekusudia kuliendesha gari, wala si kuliweka kwenye maonyesho, huuliza maswali ya tepu: matundu yanalingana na bodi? Injini itakaa urefu uleule? Magurudumu yatakaa katikati ya matao yake? Fremu ya nusu karne iliyopinda ajalini haiponi kwa kuitwa ya kiwanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayekwenda kununua, fanya haya. Nenda na tepu yako. Pima mishazari yote miwili palepale dukani, kwa cha mtumba na kwa kipya. Kwangua rangi kwenye kona na kwenye weldi. Muuzaji akikataa, ameshakujibu. Linganisha na ile iliyotoka kwenye gari lako, tundu kwa tundu, ikiwa yako haijapinda. Nunua bushi mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Na wakati wa kufunga, simama hapo. Boliti zote zianze kuingia kwa vidole. Ukiona fundi anachukua mtaimbo ili tundu likutane na boliti, mzuie. Halafu peleka gari kwenye alaimenti, uombe karatasi ya vipimo.

Nanyi mafundi wetu, ambao mikono yenu imeufanya mji huu utembee miaka yote ya uhaba, msikubali kuwa wasemaji wa wauza vipuri. Mteja anawaamini kuliko muhuri. Dakika 10 za tepu zinalinda jina lenu na zinalinda watu.

Na watu ndio ninaowafikiria. Barabara ya RN1 inapanda kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Kila linalopanda litashuka. Katika kona zile, gari lililojaa abiria linakutana na malori, na vijana wa baiskeli wakiteremka na mikungu ya ndizi, kila mmoja akiachiwa kipande chembamba cha lami. Hapo dereva anakata kona akitegemea magurudumu mawili yaelekee anakoyaelekeza. Kijana wa ndizi hajui krosimemba yako ilitoka wapi. Uhai wake umeshikwa na boliti nne au tano zilizo chini ya injini yako, na mimi nataka ziwe zile zilizoingia kwa vidole.