Picha ya Nguo na Haki ya Aliyeivaa

Anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza huyaona malori kabla ya kuuona mji, yamejipanga barabarani yakingoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilipozinduliwa Oktoba 2019, mazungumzo mengi juu ya mpaka ule yamekuwa ni ya malori na ushuru. Lakini Tunduma haiishi kwa malori peke yake. Nyuma ya barabara kuu yamo maduka mengi ya nguo, na wateja wake hutoka Momba, Mbozi na Nakonde ng'ambo ya pili. Wenye maduka hayo wamo pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kwani hakuna mji mkubwa wa Bara ambao Mpemba hajafungua duka la nguo.

Siku hizi mwenye duka hamngoji mteja afike. Huipiga nguo picha kwa simu, akaituma, na bei ikaafikiwa kabla mzigo haujafungwa. Katika bidhaa zote zinazouzwa hivyo, hakuna iliyozusha maneno kama nguo za ndani za wanawake. Wako wanaotaka picha hizo zipigwe marufuku moja kwa moja. Wako wanaosema biashara haina haya. Tumewasikiliza wote, na tunaona kwamba kila upande umemsahau binti anayesimama mbele ya kamera.

Nchi hii ina kumbukumbu ya jambo hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Sisi wa rika hili tumeyapokea hayo kutoka kwa wazee wa Chama. Nia ya kulinda utamaduni wa Taifa hatuibezi. Hata hivyo, waliozongwa na kuchaniwa nguo mabarabarani walikuwa ni wasichana, wala si wafanyabiashara walioziagiza nguo hizo na kuzitia faida mfukoni. Kosa hilo halifai kurudiwa kwa simu za mkononi.

Inafaa kwanza tukubali kwamba kupiga picha ya nguo ni ufundi, tena si mwepesi. Lesi nyeupe juu ya ngozi nyeusi humtia mpiga picha mtihani: kamera ikipimwa kwa ngozi, lesi huungua ikabaki doa jeupe, ikipimwa kwa lesi, mwili hupotea gizani. Fundi huondoa mwanga mkali wa mbele, akauleta kutoka pembeni kupitia dirisha au shuka jeupe, nyuzi za kitambaa zikajitokeza zenyewe. Hasogei karibu mno, kwani lenzi pana ya simu hukuza kilicho mbele na kupotosha umbo. Huzima taa ya dukani inayogeuza pinki ikawa rangi ya chungwa, maana mteja aliyeletewa rangi asiyoiagiza hurudisha mzigo. Hata wenye viwanda walichelewa kuyajua haya. Kwa miaka mingi Kodak ilisawazisha filamu zake za rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikatoka vibaya. Inaelezwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa upesi yalikuwa ya watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za hudhurungi hazikutoka vizuri pichani.

Sasa tuulize: mnunuzi wa nguo ya ndani anataka kuona nini? Mitumba ya nguo za ndani imepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania. Kwa hiyo mnunuzi anataka kuhakikisha kwamba nguo ni mpya, mpira wake haujalegea, mshono umenyooka, lebo ipo na saizi inasomeka. Yote hayo huonekana nguo ikiwa imetandikwa mezani au imevishwa sanamu. Picha inayoonyesha kiuno na mapaja huku lebo haionekani haimpi mnunuzi alichokitaka. Imemuuza msichana badala ya bidhaa.

Tulipopita Tunduma tulisimuliwa habari ya binti aliyekubali kuvaa na kupigwa picha kwa ajili ya duka moja. Ujira wake ulikuwa ni nguo mbili kati ya zile alizozivaa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Baada ya muda picha yake ilikuwa mikononi mwa wauzaji wa upande wa pili wa mpaka, halafu ikaingia katika simu za watu wa nyumbani kwao. Wazee wetu wa Unguja waliokwenda Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930, walilipa kwa hiari yao na kurudi na picha majumbani mwao. Binti huyu picha ni ya kwake kwa sura tu.

Sheria si kwamba hazipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda heshima na faragha ya kila mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ponografia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Lakini ni afisa biashara gani aliyekwenda dukani, Tunduma au Darajani, akamweleza mwenye duka mpaka uko wapi baina ya picha ya bidhaa na picha ya aibu? Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo iliyobadilisha umbo la mwanamitindo hulazimika kuandikwa kwamba imerekebishwa. Sisi hatujafika huko, wala hatuombi makubwa kiasi hicho.

Tunachoomba ni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Itaje kwamba anayepigwa picha ametimiza miaka 18, ujira wake ni fedha kiasi gani, picha itatumika wapi na kwa muda gani, na nani ataifuta muda ukiisha. Nakala moja abaki nayo mwenyewe. Halmashauri ya Mji wa Tunduma inaweza kuanza nayo, na mabaraza ya miji ya Visiwani yakafuata. Jumuiya za wafanyabiashara wa Kipemba waliopo Bara nazo zisingoje kusukumwa.

Yule binti ameshauhama mji. Tulipoondoka, picha yake ilikuwa bado imebandikwa kwenye mlango wa duka, karibu na orodha ya bei.