Tusinunue Nyumba kwa Kutazama Picha

Ni jambo la kusikitisha kuona mtumishi akitoa kiinua mgongo chake chote kununua nyumba ya Dubai ambayo bado ni mchoro. Sheria ya huko ya mwaka 2006 humruhusu mgeni kumiliki, lakini katika maeneo yaliyotengwa tu. Sheria ya 2007 ikaagiza fedha za wanunuzi ziwekwe katika akaunti maalumu ya mradi. Hata hivyo, msukosuko wa 2008 ulipotokea miradi mingi ilikwama, na wengi wakabaki na stakabadhi mikononi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, mnunuzi aiulize Idara ya Ardhi ya Dubai: je, mradi umesajiliwa? Akaunti yake ni ipi? Dalali anayetaka alipwe mkononi, tena leo hii, anyimwe.