Kimya cha Kusini: Katalogi Kama Mhakiki

Imekuwa ada ya baadhi ya wahakiki wa ushairi wa Kiswahili kuchora ramani inayoanzia Pate na Lamu, ikapita Mombasa, kisha ikaruka hadi Tanga na Unguja. Pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani na Msambweni hadi Wasini na Vanga, hurukwa kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeshika kalamu. Ushahidi unaotolewa ni mmoja: makusanyo maalumu ya maktaba kubwa hayaonyeshi miswada ya huko.

Hoja hii ni dhaifu. Miswada ya Mombasa iliyomo katika maktaba ya SOAS, London, haikujipeleka. W. E. Taylor, mmisionari, aliikusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na ni kutokana na karatasi hizo kwamba William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Lau Sikujua asingekuwapo, wahakiki hao hao wangeihukumu Mombasa kuwa mji bubu. Kusini ilikosa Taylor. Haifuati kwamba ilikosa Muyaka.

Tena Wamazrui, ambao Muyaka aliwatungia, walipong'olewa Mombasa mwaka 1837, baadhi yao walihamia Gasi, jirani na Msambweni. Je, masikio yaliyozoea mashairi yalizibwa njiani? Mwaka 1895 Waingereza waliiteka ngome ya Mbaruk bin Rashid huko Mwele. Mhakiki anayestaajabia uchache wa karatasi angeanza kuuliza hapo.

Hata kilichohifadhiwa kimepewa rafu isiyo yake. Maelezo ya A. C. Hollis kuhusu historia ya Vumba (1900) yaliingia katika jarida la wanaanthropolojia. Vijitabu vya H. E. Lambert juu ya Kivumba (1957) na Chichifundi (1958) vikabandikwa jina la lahaja. Mwanafunzi wa fasihi hapiti huko.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni miswada irudishwe. Dai ni la haki, lakini nani ataisoma? Mhitimu wa fasihi ya Kiswahili asiyejua hati ya Kiarabu ni mgeni mbele ya mswada wa Sikujua, sawasawa na mtalii wa Diani. Idara inayotaka kulalamikia London ianze kwa kuifundisha hati hiyo, kisha iwatume wanafunzi wake Vanga na Wasini wabishe hodi, waulize kilichomo makashani.