Stendi ya nyota na kivuli cha mchana

Vijana wawili wapiga picha wa hapa Bariadi wameniuliza wanunue stendi gani ya kubebeka ili wapige picha za nyota. Najibu kwa aibu kidogo, maana mwaka jana nilinunua yangu kwa fedha ya pamba iliyokuwa imepangiwa mabati ya jiko. Mama watoto hajasahau.

Sababu nilikuwa nayo. Mama yangu ana mtoto wa jicho, akawa analalamika kwamba Kilimia kimegeuka ukungu mtupu, wakati zamani alizihesabu nyota zake moja moja. Nikamwahidi picha kubwa. Sasa Kilimia ni kidogo, kinataka lenzi ndefu, ya milimita 200 hivi, na kwa lenzi hiyo ukipitisha sekunde 2 kwenye stendi ya kawaida nyota zinakuwa mistari. Dunia haisimami, inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ndiyo maana inatakiwa stendi yenye mota, inayoigeuza kamera polepole kuifuata anga.

Muuzaji alinisifia uzito inaobeba. (Uzito huo mgawanye kwa mbili, usije ukajuta.) Hakugusa swali la kwanza la mtu wa Bariadi: inalala kiasi gani? Mhimili wa stendi hiyo lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, na ncha huinuka juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile za latitudo yako. Sisi tuko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mhimili unakaribia kulala kabisa, ukitazama kusini. Yangu ilitengenezwa kwa kufikiria watu wa Ulaya, ikagoma kushuka chini ya nyuzi 20. Nikaweka tofali chini ya mguu mmoja. Kamera hiyohiyo inayotulisha kwa harusi ilinusurika kwa kudakwa na binti yangu.

Mwisho nilifungua kile kitako chake cha kuinamishia, nikaifunga mota juu ya stendi nzito ya video, ambayo kichwa chake kinainama hadi kulala. Vijana, mkiwa dukani inamisheni kwanza, bei baadaye.

Kusini nako kulitusumbua. Watu wa kaskazini wana Polaris. Kwetu iko chini ya upeo. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu, na hapo chini inamezwa na vumbi na moshi wa masalia ya pamba. Dira ya simu nayo ilikuwa inavutwa na pikipiki niliyoiegesha pembeni. Binti, yuko kidato cha pili, akasimamisha mti wima uwanjani mchana akawa anaweka alama ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kaskazini-kusini, na kwa mwezi Agosti hapa kinaelekea kusini. Ila msikifuate saa 6 kamili: saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki na sisi tuko kwenye 34, kwa hiyo jua letu la utosi linafika saa 7 kasoro dakika chache. Tukachora mstari kwa chokaa, usiku tukapanga stendi juu yake, nyuzi 3 tukazipima kwa simu.

Usiku wa kwanza picha zote ziliharibika. Swichi ya mota ilikuwa kwenye upande wa kaskazini, ikawa inazungusha kinyume. Iangalieni hiyo kabla ya kulala na hasira.

Usiku wa pili, saa 10 alfajiri, Kilimia kikiwa juu upande wa kaskazini-mashariki, tulipiga picha 40 za sekunde 30. Asubuhi nilimwekea mama kwenye televisheni. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akahesabu kwa kidole mpaka sita, akaanza upya. Mama watoto alisimama mlangoni na sufuria. Mabati tumeyanunua msimu huu.