UCHAMBUZI: Kabla hujaagiza kienyeji, jua kuku wa Ozi anapitia nini

Ukiwa Mombasa, Malindi au Nairobi, menyu hukupa kuku wa aina mbili: broila na kienyeji. Kienyeji bei yake iko juu, na unapolipa ile ziada unahisi umefanya la maana. Unaambiwa nyama yake ni tamu, haina madawa, na kwamba kuku mwenyewe aliishi huru akichakura udongo hadi siku yake ilipofika. Ukifungua simu, unakutana na vijana wenzako wanaokwambia huko ni kujidanganya tu. Nyama ni nyama, kuua ni kuua, na jina la kienyeji halimfufui kuku.

Mjadala huo una maana. Shida yake ni kwamba tunaufanya tukiwa mbali sana na banda la kuku. Twende basi hadi Ozi, uone jinsi maswali yanavyobadilika.

Ozi iko karibu na mahali Mto Tana unapoingia Bahari Hindi, upande wa Kipini, eneobunge la Garsen katika Kaunti ya Tana River. Wenyeji wake wengi ni Wapokomo, watu wa mpunga, ndizi na maembe. Kilimo chao cha mpunga kina ujanja wa kale: bahari inapojaa, husukuma maji baridi ya mto nyuma hadi yakaingia mashambani. Hakuna pampu wala mafuta. Lakini mto ukikosa nguvu, kinachopanda si maji baridi tena, ni chumvi. Kwa miaka kadhaa sasa wakulima wa huko wamelia kwamba chumvi inaua mpunga na kukausha miembe. Na mto ukizidi nguvu, balaa ni jingine. Mafuriko ya mwisho wa 2023, kisha yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha maelfu ya watu katika kaunti hiyo.

Mahali kama hapo, kuku si pambo la uani. Ni akiba. Na mara nyingi ni akiba ya mama wa nyumba, ambaye kwa shamba au mbuzi huenda akahitaji kushauriana na watu watatu kabla ya kuuza. Mtoto akitakiwa daftari, mgonjwa akitakiwa nauli ya kwenda Garsen, kuku wawili wanatoka. Mbuzi ni benki, kuku ni M-Pesa ya nyumba. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Ozi aache kufuga kuku kwa sababu ya huruma, umemwambia afunge akaunti.

Sasa mtazame kuku huyo kwa jicho la haki. Kwanza, chakula chake. Anakula pumba za mpunga, mchwa, panzi, makombo ya ugali. Hakunyang'anyi chakula chako. Broila na kuku wa mayai wa gredi wanalishwa mahindi, soya na omena, vitu ambavyo binadamu pia anavila. Bei ya chakula cha kuku ilipopaa 2021 na 2022, wafugaji wengi wadogo nchini walifunga mabanda, kwa sababu kuku wao na watu wa mtaani walikuwa wanagombania gunia lilelile la mahindi.

Pili, maisha yake. Broila anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Amezalishwa anenepe haraka kiasi kwamba miguu ya baadhi yao hulemewa na kifua. Kuku wa mayai wa kisasa anaweza kuishi ndani ya kizimba cha waya ambamo hawezi hata kunyoosha mabawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya aina hiyo kuanzia Januari 2012, lakini hapa kwetu vinauzwa waziwazi. Halafu kuna vifaranga madume wa kuku wa mayai. Hawatagi, hawanenepi haraka, basi viwanda vingi duniani huwaua siku wanayoanguliwa. Ujerumani iliharamisha hilo kuanzia 2022. Dunia nzima inachinja zaidi ya kuku bilioni 70 kwa mwaka, na sehemu kubwa yao wamepitia maisha ya namna hii.

Hadi hapo, kienyeji wa Ozi ameshinda. Ana jua, ana mchanga wa kuogea, ana vifaranga wake nyuma yake. Wewe uliyelipa ile ziada unaweza kutabasamu.

Usitabasamu haraka. Uhuru wa kuku wa kienyeji una upande ambao menyu haiuandiki. Kati ya vifaranga kumi wanaoanguliwa uani, wanaofika ukubwani huwa wachache. Mwewe anachukua wake, nguchiro anachukua wake, kenge anakula mayai. Kisha kinakuja kideri, ambacho wengine hukiita mdondo na madaktari wa mifugo hukiita Newcastle. Kuku anasinzia, anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda. Kideri kikiingia kijiji ambacho kuku hawajachanjwa, kinaweza kumaliza karibu wote kwa siku chache. Hakuna dawa ya kukitibu. Kuna chanjo tu.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo mjadala wetu wa mtandaoni haujaligusa. Kama kweli kinachotuuma ni mateso ya kuku, basi kifo cha kisu si ndicho kibaya zaidi kinachompata kuku wa Ozi. Kisu kikali kinamaliza kazi kwa sekunde chache. Kideri kinachukua siku. Kwa kila kuku anayefika kwenye sahani yako, kuna wenzake waliokufa vibaya bila mtu yeyote kula chochote, na mwenye kuku akabaki bila akiba.

Chanjo yenyewe si muujiza. Ni tone moja la jicho, linalorudiwa kila miezi mitatu au minne. Shirika la serikali la KEVEVAPI linatengeneza chanjo ya kideri hapa Kenya. Kuna pia aina iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini kwa sababu huvumilia joto zaidi kuliko chanjo za kawaida. Jirani zetu Tanzania wamekuwa wakiitengeneza na kuiuza kwa jina la TEMEVAC.

Kikwazo kiko kwenye safari na hesabu. Chanjo ya kawaida inataka baridi ya friji kutoka dukani hadi kwenye jicho la kuku. Tena chupa moja ina dozi nyingi, mara nyingi 100 au zaidi, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa chache. Mama mwenye kuku wanane hawezi kununua chupa peke yake akamwaga tisini na mbili. Njia inayofanya kazi ni kijiji kukubaliana siku moja: kila mtu awafungie kuku wake asubuhi, mchanjaji apite nyumba kwa nyumba, kila mmoja alipe kwa idadi yake. Kwa Ozi, huruma kwa kuku inaanza kwa kupanga siku, na kwa mtu mwenye kisanduku cha barafu anayefika siku hiyo.

Jukumu la kumfikisha mtu huyo si fumbo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya wanyama na maslahi ya wanyama. Utakumbuka mwishoni mwa 2024, Rais William Ruto alipoutetea mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi. Mitandao ilichemka wiki nzima. Kuna waliodai ni njama ya kuzuia ng'ombe wasitoe gesi. Katika kelele zote hizo, ni wachache waliouliza swali rahisi: mbona kuku hayumo? Mnyama ambaye familia maskini inamudu kumfuga, na ambaye kwa kawaida ni mali ya mwanamke, hakuwa kwenye orodha.

Tuje kwenye safari ya sokoni, maana hapo wewe uko karibu zaidi. Umewaona. Kuku kumi wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye bodaboda, au wamebanwa kwenye buti la basi kutoka Garsen hadi Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenye joto la Pwani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hawakusema aning'inizwe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa pasipo sababu. Sheria ipo tangu miaka ya sitini. Ni lini mara ya mwisho ulisikia mtu ameulizwa kuihusu stendi?

Na wakazi wengi wa Ozi ni Waislamu, hawahitaji kuletewa maadili haya kutoka nje. Mafundisho ya kuchinja yanataka kisu kiwe kikali, kisinolewe mbele ya mnyama, na asichinjwe mbele ya mwenzake. Kuna pia hadithi inayojulikana sana ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Maana yake ni kwamba hesabu ya halali haianzi kwenye kisu pekee. Inaanza na jinsi mnyama alivyoishi na alivyobebwa. Bismillah haifuti saa nne za kuning'inia.

Utasema: basi si tuache nyama kabisa? Hoja hiyo ina uzito wake. Mwanafalsafa Peter Singer, kwenye kitabu chake cha 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, alisema kwamba cha kuuliza ni kama kiumbe anaweza kuteseka, si kama anaweza kufikiri kama sisi. Kuku anaweza kuteseka. Hilo halina ubishi. Lakini uzito wa hoja hauwaangukii watu wote sawa. Wewe wa mjini una maharagwe, ndengu, kunde na tofu ukitaka, vyote hatua chache kutoka mlangoni. Kwa nyumba ambayo mpunga wake umeliwa na chumvi, yai ni protini ya mtoto leo jioni. Mwenye uwezo wa kuchagua ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Kwa hivyo kama wewe umeamua kuacha nyama, umefanya jambo la heshima. Ila usilifanye fimbo ya kumchapia mama wa Ozi.

Tena usisahau kwamba bei ya nyama haihesabiwi kwa wanyama peke yake. Delta ya Tana inajua. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, na Kilelengwani, jirani ya Ozi, ni miongoni mwa vijiji vilivyoshambuliwa. Siasa za uchaguzi zilichangia, lakini mzozo wa maji, malisho na mashamba ulikuwa chini yake. Ng'ombe si mkosaji, na Muorma anamhitaji kama Mpokomo anavyohitaji mpunga. Ila kuku ana faida ambayo hatuitaji mara nyingi: hahitaji malisho ya jirani. Mpokomo anaweza kumfuga, Muorma anaweza kumfuga, na hakuna shamba la mtu litakalokanyagwa.

Sasa wewe unafanya nini? Kwanza, kula nyama mara chache, na ukila, uliza. Muulize mwenye kibanda kuku wake wanatoka wapi na wanafikaje. Wakibebwa kwenye tenga lenye nafasi na kivuli, mlipe ziada yake kwa moyo mweupe. Wakifika wananing'inia, mwambie kwa nini hununui. Wateja watano wakisema hivyo kwa wiki moja, atatafuta tenga.

Pili, ogopa kienyeji wa bei ya ajabu kando ya barabara. Kideri kikianza kijijini, watu huharakisha kuuza kabla kuku hawajafa, na hivyo ndivyo ugonjwa unavyosafiri hadi kijiji kinachofuata. Bei hiyo ya chini ni hasara ya mtu, na kesho itakuwa hasara ya mwingine.

Tatu, kama una asili Tana River na uko mjini, vikao vya umma vya bajeti ya kaunti vinakuhusu. Barabara na bursari zitatajwa na kila mtu. Simama uulize kuhusu chanjo ya kuku: ni dozi ngapi, zitafika Ozi mwezi gani, na nani atabeba kisanduku cha barafu kutoka Garsen. Ukipata jibu lenye tarehe, mpigie mama nyumbani umwambie awafungie kuku siku hiyo.