MWENYE DHIKI AKAE KWENYE SHURA, SI MWISHO WA FOLENI



Ndugu zangu, darsa ya leo naielekeza kwa vijana wetu wanaotengeneza programu za simu za kusaidia watu wenye msongo wa mawazo na sonona, na kwa wenye fedha wanaowafadhili. Nia yenu ni njema, Allah awalipe. Lakini nakuuliza wewe unayesoma: katika mezani mlipokaa kuamua programu ifanye nini, alikuwepo hata mmoja aliyewahi kulala na maradhi hayo na kuamka nayo? Simaanishi daktari wake. Yeye mwenyewe.

Wengi wenu mtajibu kwamba mtampa ajaribu ikishakamilika. Ikishakamilika ataulizwa rangi tu, na kama vitufe vinaonekana. Nani atavunja nyumba iliyokwisha kuezekwa kwa sababu mpangaji kasema mlango umekaa vibaya? Shura huja kabla ya uamuzi. Mtume (s.a.w) alikuwa akiteremshiwa wahyi, na bado aliamrishwa kuwashauri masahaba zake. Sira inasimulia kwamba pale Badr, Hubab ibn al-Mundhir alimuuliza kama mahali walipotua ni amri ya Allah au ni rai ya vita. Alipojua ni rai, akashauri wasogee kwenye kisima kilicho karibu na adui, na jeshi likahama. Jeshi zima lilihama, ndugu yangu. Programu yako ina uzito gani hata isihamishike?

Nikupe mfano wa karibu na sisi, wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi Mbare, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Harare. Hakupata vyumba wala wauguzi. Alichopata ni akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Likaja wazo la kuweka benchi nje ya zahanati, mwenye dhiki akae na bibi amsikilize. Daktari akaliita benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hakuna atakayelikalia. Na kweli, nani anataka jirani apite amwone amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili? Wakampa jina la Kishona, chigaro chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Maradhi nayo yakaitwa kwa neno ambalo watu wenyewe hulitumia, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ilipokuja Corona, mazungumzo yale yakaingia kwenye simu na WhatsApp. Lakini angalia mpangilio: simu ilikuja juu ya kitu ambacho watu walikuwa wameshakifanya chao.

Sasa rudi kwenye programu yako. Inauliza, "Je, una sonona?" Mama muuza maandazi hasemi ana sonona. Anasema moyo mzito, usingizi hauji, kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu. Atabonyeza "hapana", nawe utaandika kwenye ripoti kwamba yuko salama.

Halafu simu yenyewe si yake peke yake. Mtoto anachezea michezo, mume anapokea simu humo humo. Saa mbili usiku ujumbe wako unajitokeza kwenye kioo: "Bado una mawazo ya kujidhuru?" Umemsaidia au umemfedhehesha? Na hapa Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Kabla hajakujibu swali hilo anajiuliza majibu yanakwenda kwa nani. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuliwaza hilo, kwa sababu yeye hajawahi kuliogopa.

Wala usidhani ni udhaifu wa nchi maskini. Marekani, mwaka 2023, jumuiya ya kusaidia wenye maradhi ya ulaji, NEDA, ilitangaza kufunga laini yake ya simu iliyohudumiwa na watu. Ilikuwa pia na mashine ya kuzungumza iitwayo Tessa. Mwishoni mwa Mei ikabidi waizime, kwa sababu ilikuwa ikiwapa ushauri wa kupunguza uzito watu ambao kujinyima chakula ndiyo maradhi yao. Aliyeifichua ni mwanamke aliyewahi kuugua maradhi hayo hayo. Macho yake yangeweza kutumika mapema.

Najua hoja yenu: mgonjwa hana elimu ya tiba, na siku nyingine hayuko katika hali ya kikao. Ni kweli. Dawa na vipimo vibaki kwa daktari. Shura haiondoi elimu. (Na sisi masheikh tuache kumwambia kila mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu, tukamfunga mdomo kabla ninyi hamjamfikia.) Siku hawezi, mwacheni apumzike, mumuulize siku nyingine. Mlipeni nauli na muda wake kama mnavyomlipa mchoraji. Msichague wanaojua Kiingereza tu. Na mumpe haki ya kusema hapana, hapana inayobadilisha kitu. Huenda akawaambia hataki programu kabisa, anataka namba moja ambayo ukipiga saa tisa usiku anapokea binadamu, bila kumaliza salio. Mfadhili hatafurahi, kwa sababu hiyo haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Mwambieni hivyo hivyo, na bajeti ibadilishwe.

Wabillahi tawfiq.