Ruashi: ambalaji za vakansi zichore baridi ya Lubumbashi, si bahari ya Ulaya

Mwezi wa saba, mtoto wa komini ya Ruashi anaweza kununua pakiti ya biskuti yenye picha ya jua kali, mwavuli na mchanga wa bahari. Yeye mwenyewe amevaa nguo nzito, na nyumbani wamekaa kuzunguka mbabula. Lubumbashi iko kwenye mita zaidi ya 1 200 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba ndiyo miezi ya baridi. Joto linakuja mwezi wa tisa na wa kumi, mvua zinafuata mwezi wa kumi na moja. Picha ile ya pakiti ni vakansi ya mtu mwingine.

Jambo hili linawahusu wachoraji vijana wanaotafuta kazi kwa wauzaji wa munkoyo, asali, karanga na juisi. Muuzaji anataka ambalaji ya pekee, itakayotoka kwa msimu mmoja tu na kukumbusha watu vakansi za utoto. Mchoraji anafungua telefone, anakopi mnazi na mawimbi, kazi inaisha kwa saa moja. Lakini nani Ruashi atakumbuka kitu akiona mnazi?

Kumbukumbu za hapa zipo, na zina rangi zake. Kuna moshi wa majani yanayochomwa na vumbi jekundu la barabara. Kuna masuku, vinkubala na uyoga unaouzwa kando ya njia mvua zikianza. Ambalaji yenye vitu hivyo, mama mwenye kununua ataigeuza mara mbili mkononi na kumuonyesha mtoto wake.

Mji huu si mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua atelier ya Hangar, na ndani yake Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege na wanyama wa pori, kila mmoja kwa mkono wake. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi katika picha zaidi ya 100. Picha za namna hiyo, zilizotundikwa ukutani sebuleni, watu waliziita ukumbusho. Wachoraji wengi wa wakati ule walitumia nguo ya mifuko ya unga. Ambalaji iligeuka picha. Leo picha inaweza kugeuka ambalaji.

Lakini hapa kuna hatari. Picha ya ukutani iliuzwa moja kwa mtu mmoja, na bei ilijulikana. Mchoro wa ambalaji unachapwa mara elfu. Mchoraji akipokea pesa kidogo mkononi bila karatasi, mwaka ujao anaweza kukuta mchoro wake kwenye kopo lingine, na hana la kusema. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda kazi za wachoraji katika Kongo. Hata hivyo, ni vigumu kudai haki bila ushahidi. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: ambalaji ngapi, kwa miezi mingapi, na malipo gani kama muuzaji atachapa tena. Jina la mchoraji liandikwe pia, hata kwa herufi ndogo.

Wauzaji watajibu kwamba uchapaji ni ghali na mteja anatazama bei kwanza. Ni kweli. Ndiyo sababu toleo dogo linafaa: etiketi ya rangi moja juu ya mfuko wa karatasi, mia chache kwa kuanza. Ikiisha haraka, muuzaji anajua; ikibaki, hasara ni ndogo. Ila mchoro usifunike uzito wala tarehe ya kuisha, kwa sababu uzuri wa pakiti haumponyi aliyekula kitu kilichooza.

Ruashi inajulikana kwa shaba, inayochimbwa hapa na kupelekwa mbali. Kumbukumbu za wakaaji wake hazipaswi kwenda njia hiyo hiyo: kuchukuliwa kwa bei ya chini, bila jina la aliyezitoa. Vakansi zijazo, muuzaji na mchoraji wakae kwanza mezani na karatasi ya mkataba. Kalamu ya rangi ifuate nyuma.